Ana miaka minane, ana kinundu kifuani, na kila usiku ananiuliza kama atakufa

Wapendwa washauri,

Binti yangu ana miaka 8 na miezi 7. Wiki sita zilizopita, akiwa anaoga, aliniita akasema, "Mama, nina jiwe hapa." Nilipapasa nikakuta kinundu kigumu chini ya chuchu ya kushoto, ukubwa wa kifungo cha shati. Kulia hakuna kitu. Akigongwa kinamuuma. Kwapa nazo zimeanza kutoa harufu ya mtu mzima.

Huyu mtoto ni mwenye wasiwasi tangu akiwa mdogo. Mwaka jana bibi yake alifariki kwa saratani ya titi, na nadhani mawazo yake yameganda huko huko. Kila usiku lazima nimpapase nimhakikishie ni salama, ndipo alale. Ilianza mara moja, sasa ni mara nne hadi tano. Mchana anakibonyeza mwenyewe mpaka ngozi imekuwa nyekundu. Shuleni havui sweta hata kukiwa na joto kali. Siku za michezo anaamka na maumivu ya tumbo, na mara tatu nimemruhusu abaki nyumbani.

Mume wangu anasema habari za hedhi tumwache nazo kwanza, bado ni mdogo, tutamtisha bure. Mimi naogopa asije akavunja ungo siku moja akadhani ndiyo ile saratani. Nianzie wapi? Na je, hili ni la hospitali?

Mama anayekesha

*

Mama anayekesha, pole na usiku mrefu.

Tuanze na hicho kinundu. Yote uliyoyaeleza yanafanana na mwanzo wa kawaida wa balehe. Titi huanza hivyo hivyo: kitufe kigumu kiasi, kinachosogea kikiguswa, kipo chini ya chuchu barabara, kinauma kikigongwa. Mara nyingi upande mmoja hutangulia na wa pili hufuata baada ya wiki au miezi, wakati mwingine hadi nusu mwaka. Saratani ya titi kwa mtoto wa umri huu ni kitu adimu mno. Na yeyote asije akawashawishi kukikata "ili kiangaliwe" bila daktari wa watoto kukiona kwanza: hicho kinundu ndiyo mbegu ya titi lote, kikiondolewa upande ule huenda usiote tena.

Harufu ya kwapa ina njia yake. Matiti huletwa na ovari, ambazo huamshwa na ubongo kupitia tezi ya pituitari. Harufu, chunusi na nywele za siri huanza zaidi kwa homoni za tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo. Ndiyo maana mtoto mmoja huanza kunuka kwapa mwaka mzima kabla ya kuota matiti na mwenzake kinyume chake. Sabuni na maji asubuhi na jioni, nguo ya pamba, shati la jana lisirudiwe leo. Ikibidi, mpe cha kupaka kwapani kisicho na manukato makali. Hapo hapahitaji mazungumzo marefu.

Hospitali: nenda, lakini si usiku huu. Mpaka unaotumiwa na madaktari wengi ni miaka 8. Msichana anayeota matiti kabla ya hapo anachunguzwa kwa makini. Kati ya miaka 8 na 13 ni kawaida. Wako ameanza upande wa mapema wa kawaida, kwa hiyo panga miadi ndani ya wiki chache zijazo. Usisubiri kabisa ukiona mojawapo ya haya: kichwa kinachouma mara kwa mara hasa asubuhi pamoja na kutapika, macho kupoteza nguvu, kinundu kilicho mbali na chuchu au chenye usaha na joto, mabadiliko yanayokimbia mwezi hadi mwezi, au damu ukeni wakati matiti yameanza jana tu. Damu ya mapema namna hiyo ina sababu nyingine zinazopaswa kutafutwa, ikiwemo jeraha, kitu kilichoingia, au mtoto kuguswa vibaya.

Kabla ya kwenda, mpime urefu ukutani bila viatu, visigino vikigusa ukuta, na uchukue na vipimo vya zamani kama vipo kwenye kadi yake ya kliniki. Mtoto ambaye hajaanza balehe hurefuka kama sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Balehe ikishika kasi hufika 8 hivi. Namba hizo zitamwambia daktari mengi kuliko maelezo yako. Daktari naye atapapasa kifua kutofautisha titi na mafuta, ataangalia kwa macho kama kuna nywele za siri, na huenda akaomba eksirei ya mkono wa kushoto ili kusoma umri wa mifupa. Kipimo cha kuingizwa kitu ukeni hakihitajiki. Kwa msichana aliyeanza baada ya miaka 8, anayekwenda kwa mwendo wa kawaida, mara nyingi hapatolewi dawa yoyote. Zipo sindano za kusimamisha balehe, ila ni za walioanza mapema zaidi au wanaokimbia.

Mweleze mwanao yote hayo siku moja kabla, si wiki nzima kabla (atapata siku saba za kukosa usingizi) wala si mlangoni mwa daktari. "Kesho daktari atagusa kifua chako kwa vidole, kama dakika moja. Nitakuwa nimesimama pale pale. Ukitaka apumzike, sema 'ngoja', naye atangoja." Mkiingia, mwambie daktari mbele ya mtoto: "Ana hofu kuwa ni saratani kama ya bibi yake. Tafadhali mjibu yeye mwenyewe." Jibu analotamkiwa yeye moja kwa moja lina uzito tofauti na lile analosikia watu wazima wakipeana juu ya kichwa chake. Akirudi nyumbani, aliandike kwa mkono wake kwenye daftari. Karatasi hiyo mtaihitaji.

Sasa tufike palipo na kazi yenyewe, nayo si kinundu. Ni zile papasa nne tano za usiku.

Kila ukimpapasa, hofu inashuka kwa dakika chache. Ubongo wake unaweka kumbukumbu: nimelala salama kwa sababu mama amekagua. Kesho yake unadai ukaguzi tena, na mmoja hautoshi. Unatoa kwa upendo, na upendo ule ule unalisha kitu unachotaka kife njaa. Kule kubonyeza kwake mwenyewe ni kubaya zaidi, maana kinundu kinachobonyezwa mara ishirini kwa siku huvimba na kuuma, na maumivu hayo kwake ndiyo ushahidi kwamba kuna ugonjwa. Mwambie hivyo hivyo: "Kinauma zaidi kwa sababu unakibonyeza. Tukikiacha wiki moja, tutaona." Huo ni uchunguzi anaoweza kuufanya mwenyewe, na mtoto mwenye wasiwasi hupenda kushika kitu cha kupima.

Baada ya daktari, mketi mchana (kamwe si kitandani) umpe ratiba. Siku tatu za kwanza, mara mbili tu kwa usiku. Siku tatu zinazofuata, mara moja, mara tu baada ya kuoga. Kisha siku moja ndiyo, moja hapana. Kisha basi. Ikiwa daktari ametaka kinundu kiangaliwe, kiangaliwe tarehe moja ya kila mwezi, na kalenda ikae ukutani. Tarajia siku ya pili au ya tatu mambo yawe mabaya kuliko mwanzo: atalia, atapandisha sauti, atakuambia humpendi. Wengi hurudi nyuma hapo. Ukikubali kumpapasa baada ya nusu saa ya kilio, umemfundisha kwamba bei mpya ni nusu saa.

Na maneno? "Mama, nitakufa?" usilijibu kwa "hapana, hapana, hapana". Mara ya kwanza ya siku, jibu mara moja kwa ukamilifu: hiki ni titi linaanza, daktari amelishika, si saratani. Mara ya pili: "Hilo swali jibu lake unalijua. Niambie wewe daktari alisemaje." Akishindwa, afungue daftari. Mara ya tatu: "Naona wasiwasi umekuja tena. Tuuweke kwenye saa yake." Saa yake ni dakika 10 za kila siku, tuseme saa kumi na moja jioni, mbali na muda wa kulala. Anaandika au kuchora kila kinachomtisha, wewe unasikiliza bila kusahihisha, saa ikilia mnafunga daftari mnaenda kufanya jambo lingine. Usiku anapoanza, mnamalizia na "kesho saa kumi na moja". Siku za mwanzo dakika 10 hazitatosha. Baada ya wiki mbili tatu wengi hufika pale wakatafuta cha kuandika.

Pumzi pia inasaidia, ikiwa tu imefanyiwa mazoezi wakati wa utulivu. Avute kwa pua akihesabu 4, atoe kwa mdomo taratibu akihesabu 6, kama anapuliza uji wa moto bila kuumwaga. Dakika mbili asubuhi, dakika mbili jioni. Kumfundisha katikati ya kilio ni kumfundisha mtu kuogelea akiwa anazama.

Sweta na siku ya michezo ni hofu ile ile kwa nguo nyingine. Yale maumivu ya tumbo ni ya kweli, hasingizii. Wasiwasi hukaza misuli ya tumbo na kuvuruga utumbo. Lakini kila siku ya michezo aliyobaki nyumbani imemfanya inayofuata iwe ngumu zaidi. Kwanza mpatie fulana ya ndani inayobana kiasi, au kisidiria laini cha pamba kisicho na waya wala sponji, vipande vitatu ili kimoja kikiwa kwenye maji kingine kipo. Kazi yake ni mbili: chuchu haisuguliwi, na hakuna kinachochomoza chini ya shati. Achague mwenyewe. Kisha mpande ngazi: nusu saa bila sweta ndani ya nyumba, halafu nje na watu wa nyumbani, halafu kwa rafiki mmoja, halafu kipindi cha kwanza darasani, halafu michezo yenyewe. Kila ngazi apime hofu yake kwa 0 hadi 10, na abaki pale mpaka imeshuka angalau kwa nusu. Akiondoka ikiwa bado 9, amejifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Ngazi moja yaweza kuchukua siku mbili au wiki mbili.

Hapa na nyie wazazi mjitazame. Msichana aliyetangulia kimwili huanza kutendewa kama mkubwa: anagombezwa zaidi, anachekwa akilia, anapewa maonyo ya mafumbo. Yule bado ana miaka minane, na akilini yuko pale pale na wenzake wa miaka minane. Ukimwambia "sasa ukiguswa na mvulana utapata mimba", mtoto mwenye wasiwasi atalichukua neno kama lilivyo, kisha atakosa usingizi kwa sababu jirani yake wa dawati alimgusa mkono akimpa kifutio. Anachohitaji ni kauli nyoofu: sehemu zinazofunikwa na nguo ya ndani ni zako, mtu asiziguse wala kuzitazama wala kuzipiga picha, isipokuwa daktari na mimi nikiwepo, na mtu yeyote akisema "iwe siri yetu", hiyo siri inaletwa kwangu siku hiyo hiyo, na hutagombezwa.

Baba asimwachie mama kila kitu. Kosa linaloumiza sana, na hufanywa na baba wema, ni kuacha ghafla kumkumbatia binti kwa kuona aibu ya kifua kinachoota. Mtoto hasomi aibu hapo; anasoma kwamba mwili wake umeharibika. Kama mkumbatio wa mbele unamuuma kinundu, kumbatio la ubavuni lipo.

Kuhusu hedhi, baba ana haki nusu. Kumwaga habari zote siku moja kutamtisha. Kunyamaza nako kutamtisha, kwa sababu mwenye wasiwasi akikosa jibu hujitungia, na alilolitunga siku zote huwa baya zaidi. Tena hamna haraka: kutoka kinundu cha kwanza hadi damu ya kwanza kwa kawaida ni miaka 2 hadi 3. Akikuuliza "lini?", mpe ukweli wenye mipaka: "Labda utakapokuwa na miaka kumi na nusu au kumi na moja. Wachache huwahi. Mwili utatupa ishara." Ishara hiyo ni ute mweupe au wa manjano hafifu kwenye chupi, usiowasha wala kunuka, ambao huanza miezi 6 hadi 12 kabla. Mweleze kuhusu ute mapema, kwa sababu ndio utakaomshtua kwanza. (Ukiwasha, ukanuka au ukawa wa kijani, hapo aonwe.)

Gawa mazungumzo kwa dakika tano tano, mkiwa mmekaa ubavu kwa ubavu na mikono ina shughuli, mkikunja nguo kwa mfano. Macho kwa macho humbana. La kwanza: mwili unakua, titi, kwapa, nywele, basi. La pili, baada ya wiki moja hivi: "Ndani ya tumbo la kila msichana kuna mji wa mimba, mdogo kama ngumi yako. Akikua, kila mwezi unatandika kitanda chepesi cha damu. Kitanda kisipotumika kinashuka chenyewe kupitia uke. Hakuna kidonda. Hakuna kilichokatika." Sentensi hizo mbili za mwisho zirudie, maana kwa mtoto damu maana yake ni jeraha.

Halafu mwonyeshe kiasi. Chukua kijiko kikubwa na maji yenye rangi nyekundu. Mimina kijiko kimoja taratibu kwenye pedi, subiri, mimina cha pili. Mwambie: hedhi yote, siku zake zote kwa pamoja, mara nyingi ni vijiko viwili au vitatu. Watoto wengi huwa wanawazia ndoo. Aone maji yanavyonywewa, aguse kwa juu, ageuze chini aone hayajapenya. Onyesho hili la dakika tatu hufanya kazi ya hotuba kumi.

Siku nyingine afanye mazoezi ya kuvaa. Abandue karatasi ya mgongoni, sehemu ya gundi ikae katikati ya chupi, mabawa yakunjwe kwa nje. Tumieni pedi za wasichana wadogo. Ya mtu mzima kwenye chupi ndogo hujikunja ubavuni na hapo ndipo panapovuja. Atembee nayo nyumbani saa moja, akae, aruke. Kisha aivue, aikunje kwa ndani, aifunge kwa karatasi, aitupe kwenye pipa na si chooni, anawe mikono. Hedhi ikija atabadilisha kila saa 4 hadi 6, hata kama haijajaa.

Akifikisha miaka kumi, au ute ukianza kabla ya hapo, begi la shule libebe kifuko kisichoonyesha ndani: pedi mbili, chupi safi, mfuko wa plastiki unaofungika, karatasi laini. Mwalimu mmoja tu ajue, aliyechaguliwa na mtoto, na wakubaliane neno la kupitia, kwa mfano "naomba kwenda kuchukua daftari langu", ili asilazimike kueleza mbele ya darasa.

Mjulishe pia kwamba damu ya kwanza inaweza kuwa alama ya kahawia tu, na kwamba mwaka wa kwanza na wa pili haifuati kalenda; kutoka siku ya kwanza ya hedhi hadi ya kwanza ya inayofuata huweza kuwa siku 21 hadi 45, wakati mwingine ikaruka. Maumivu: chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa, na parasetamoli au ibuprofeni kwa kipimo cha uzito wake. Ibuprofeni ni miligramu 5 hadi 10 kwa kilo kila dozi, baada ya kula, dozi zipishane saa 6 hadi 8, kama daktari hajamkataza. Aspirini asipewe. Damu ikipita siku 7, au pedi ikilowa kabisa kila saa kwa saa mbili mfululizo, mpelekeni.

Wasiwasi nao una kikomo chake cha nyumbani. Ukifuata ratiba kwa wiki nne hadi sita bila nafuu, au akiwa anakosa shule, halali, anajifunga kifua kwa kitambaa, au ameanza kula kidogo ili matiti yasikue (hili hufichwa sana, angalia sahani), mtafutie mtaalamu wa saikolojia ya watoto. Tiba yenye nguvu kwa watoto wa namna hii ni ya mazungumzo na mazoezi ya kuikabili hofu hatua kwa hatua, mtindo wa zile ngazi za sweta. Akizungumzia kujidhuru, nenda siku hiyo hiyo.

Na siku damu itakapofika, kabla hujashika simu kuwapa habari mashangazi, muulize yeye nani aambiwe. Akisema baba peke yake, basi ni baba peke yake.